Breki ya Abiria: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Sacco za Matatu za Mwiki, Githurai, Ruiru na Thika

Kwa wenyeviti, makatibu na wanachama wa sacco zote za matatu zinazohudumu Mwiki, Githurai, Ruiru na Thika.
Nakala: Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA).

Waheshimiwa viongozi,

Mtazameni abiria aliyeketi nyuma ya dereva pindi matatu inapoachana na barabara ya Mwiki na kuingia Thika Road. Mkono umeshika chuma cha kiti cha mbele, macho hayabanduki kwenye kioo, na mguu wa kulia unakanyaga sakafu kana kwamba pana breki pale chini. Makanga akimwona humcheka. Wenzake hujifanya hawamwoni, ingawa wawili watatu kati yao nao wamekaza miguu. Kwa kawaida mtu huyu huitwa mwoga, mshamba wa barabara, au mtu asiyejua gari. Nawaandikia kuwaomba mumwite jina jingine. Huyo ni kipimo cha mwendo ambacho hamkukinunua, kilichomo ndani ya kila gari lenu, safari nzima, tangu steji hadi steji. Ombi langu ni moja: hofu yake ichukuliwe kuwa taarifa, na neno lake "punguza mwendo" liwe agizo ambalo dereva wenu hulitii kwanza, kisha maswali yafuate.

Nianze kwa kukubali lile ambalo wapinzani wa hoja hii hulitanguliza. Hofu ya abiria haitokani na hatari peke yake. Sehemu yake inatokana na kukosa usukani. Dereva hujua sekunde moja kabla kwamba atafunga breki au atakata kona, kwa hiyo mwili wake hujiandaa. Abiria hupokea matokeo bila taarifa. Ndiyo maana kichefuchefu cha safari humshika yeye zaidi kuliko mwenye usukani. Mwaka 1969 mtafiti Chauncey Starr alichapisha katika jarida la Science makala iliyodai kwamba watu huwa tayari kuikubali hatari waliyoichagua wenyewe hata ikizidi mara 1,000 ile waliyobebeshwa na wengine. Mtu huyohuyo anayetetemeka kwenye kiti cha nyuma anaweza kuendesha gari lake kesho kwa kasi ileile bila wasiwasi. Basi ni kweli kwamba abiria hupima hatari kwa mizani iliyoelemea upande mmoja.

Lakini mizani ya dereva nayo imeelemea, tena upande wa pili. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza madereva wa Marekani na wa Uswidi wajilinganishe na wenzao. Kati ya Wamarekani, asilimia 93 walijiweka katika nusu ya walio stadi zaidi. Kati ya Waswidi, asilimia 69. Hesabu hiyo haiwezekani, kwa sababu nusu ni nusu. Ikiwa hivyo ndivyo binadamu alivyo anaposhika usukani, hakuna sababu ya kudhani dereva wa njia namba 17B, wa 45, wa 145 au wa 237 ameumbwa tofauti. Ndani ya gari moja, basi, mna watu wenye makosa mawili yanayopingana: mmoja anaiona hatari kubwa kuliko ilivyo, mwingine anaiona ndogo. Busara ya kawaida ingetaka pande zote mbili zisikizwe. Kwa desturi yetu, upande unaosikizwa ni ule tu unaoshika usukani, ilhali watu 14 au 33 wanaolipa nauli huambiwa wakiona taabu wakanunue gari lao.

Tena hofu hiyo haielei hewani. Abiria hasomi kipimamwendo, ila mwili wake huyasoma mambo matatu ambayo ndiyo hasa huleta ajali: kasi, breki za ghafla, na nafasi iliyobaki mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Dereva aliyeona kitu na kuchukua sekunde moja kuutoa mguu kwenye mafuta ameshakula mita hizo 22 kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 110, mita zinapita 30. Na kwa kuwa nguvu ya mgongano hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, gari la kilomita 110 linagonga kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya lile la 80. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4. Abiria hajui takwimu hizi. Anajua tu kwamba lori la mbele linazidi kuwa kubwa na mguu wa dereva haujasogea. Hilo analijua kwa usahihi, na analijua wakati ambapo bado lina faida.

Jiografia yetu inaizidisha shida hii. Jina Mwiki limevuka mpaka wa kaunti: kuna wadi ya Mwiki katika eneobunge la Ruiru, Kiambu, na kuna wadi ya Mwiki katika eneobunge la Kasarani, Nairobi. Wakazi wa pande zote mbili wanaishi na namna mbili za barabara. Kuna za mtaani, nyembamba, zenye matuta, mikokoteni, bodaboda na wachuuzi. Ile ya Kasarani hadi Mwiki ilikuwa na mashimo mabaya kiasi kwamba mwaka 2021 wenye matatu na wakazi waliandamana pamoja kudai ikarabatiwe. Kisha kuna Thika Road, barabara kuu iliyofunguliwa Novemba 2012, yenye leni hadi nane, kutoka Nairobi hadi Thika. Gari linatambaa kwenye ile ya kwanza, linapoteza dakika na hasira zinapanda, halafu ghafla linamwagwa kwenye ya pili. Dakika zilizopotea mtaani zinadaiwa kwenye lami pana. Ndiyo maana hofu ya abiria wa Mwiki hupanda pale ambapo mgeni angetarajia itulie, yaani barabara inapokuwa nzuri.

Kwa nini dereva anadai dakika hizo? Hapa nawaambia mnachokijua kuliko mimi. Mwenye gari hutaka hesabu yake jioni, ile mnayoiita tageti. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndiyo riziki ya dereva na kondakta. Dereva akipunguza mwendo, anayepungukiwa ni yeye, si mwenye gari. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer waliweka vifaa vya kufuatilia mwendo katika matatu 255 za Nairobi na kuwaonyesha baadhi ya wenye magari jinsi madereva wao walivyoendesha. Wenye magari waliitumia taarifa hiyo kulinda gari na faida. Peke yake, haikuboresha usalama wa abiria. Mwendo wa wastani na breki za ghafla vilipungua pale tu dereva mwenyewe alipolipwa kwa kuendesha kwa usalama. Funzo lake ni wazi. Mwenye gari anaangalia mali yake, dereva anaangalia riziki yake, na katika mpango mzima aliye na sababu ya kuangalia uhai wa waliomo ndani kila dakika ni abiria. Huyo ndiye tuliyemnyamazisha.

Mtasema: hatukumnyamazisha, amenyamaza mwenyewe. Ni kweli kwamba ndani ya matatu mtu anaweza kuhubiri Injili, kuuza peremende na dawa ya meno, au kugombana juu ya shilingi 10 za chenji, na bado akashindwa kusema "dereva, polepole." Sababu yake inaeleweka. Anayesema peke yake huhatarisha kutukanwa, kuchekwa, au kushushwa mahali pasipo na steji, na faida ya ujasiri wake wanaigawana wote. Kila mmoja anangoja mwingine aanze. Kila mmoja anadhani kimya cha wenzake ni dalili kwamba wao hawaogopi, kumbe nao wanakisoma kimya chake vivyo hivyo. Kimya cha abiria 14 kinaweza kuwa na watu 14 wenye hofu ndani yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kufuli hili limewahi kufunguliwa, tena hapahapa Kenya, kwa karatasi yenye gundi. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko katika zaidi ya matatu 1,000 za safari ndefu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, vikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo, kisha wakazilinganisha na matatu zisizo na vibandiko kwa kutumia rekodi za bima. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima, ambayo bila vibandiko yalikuwa kama asilimia 10 kwa mwaka, yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Madai yaliyohusu majeraha au vifo yalipungua kwa angalau nusu. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Kampeni hiyo ilijulikana kote nchini kwa jina la Zusha! Kibandiko hakikumfundisha yeyote sheria ya barabarani. Kilichofanya ni kumwambia kila abiria kwamba wenzake pia wameruhusiwa kusema, na kumwambia dereva kwamba sauti ile si ya mwendawazimu mmoja.

Msomaji makini atanijibu kwamba hizo zilikuwa matatu za safari ndefu, za kwenda Nakuru au Kisumu, ambamo abiria hukaa saa nyingi. Huku kwetu mtu hupanda Mwihoko akashuka Githurai. Ni pingamizi la haki, na sidai kwamba asilimia zile zitahama zilivyo. Hata hivyo naona sababu za kutarajia sauti ya abiria iwe na nguvu zaidi kwetu. Abiria wa safari ndefu na dereva wake huenda wasionane tena. Wa Mwiki hupanda gari za sacco ileile asubuhi na jioni, siku sita kwa juma. Anawajua makanga kwa majina ya utani nao wanamjua anaposhuka. Neno lake likipuuzwa leo, kesho anaweza kungoja gari la sacco nyingine. Biashara yenye mteja wa kila siku ndiyo yenye mengi ya kupoteza.

Pingamizi la pili ni la kale, na lina methali yake: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dereva akipigiwa kelele na watu kumi, mmoja akitaka leni hii na mwingine ile, atachanganyikiwa na kusababisha ajali iliyokuwa ikiogopwa. Naikubali methali. Lakini tuifuate hadi baharini inakotoka. Baharia anayepaza sauti kwamba kuna mwamba mbele hajautwaa usukani. Amempa nahodha macho ya ziada, na nahodha mwenye akili hageuki kumwuliza amesomea wapi. Abiria naye hastahili kumwelekeza dereva apite wapi, amfuate nani au aingie leni ipi. Ombi langu lina neno moja tu: punguza. Dereva hahitaji kufikiri ili kulitii, na utii wake hauwezi kumgharimu yeyote maisha. Kama abiria amekosea, hasara ni sekunde chache. Kama dereva ndiye aliyekosea na hakusikia, hasara hairudishwi. Makosa mawili yenye bei tofauti namna hiyo hayapaswi kupewa uzito sawa.

Pingamizi la tatu ndilo linalouma, kwa sababu lina ukweli mwingi: abiria ndio wanaotaka mbio. Wao ndio hulikwepa gari la polepole, hulalamika kondakta akingoja abiria mmoja zaidi, na humsifu dereva anayeovalap kwenye foleni. Nawajibu kwa hesabu. Kwenye kilomita 10 za Thika Road zisizo na msongamano, mwendo wa 80 huchukua dakika saba na nusu. Mwendo wa 100 huchukua dakika sita. Dereva amevunja sheria ili kuokoa dakika moja na nusu, ambayo foleni ya Pangani itaimeza bila kushukuru. Hata kutoka Thika hadi mjini, kilomita 45 hivi, tofauti haifiki dakika saba. Muda wa abiria wa Mwiki unapotelea steji gari likijazwa, kwenye mashimo na kwenye makutano. Humo ndimo mnamoweza kumwokolea muda bila kumtisha. Zaidi ya hayo, anayetaka kufika mapema na anayetaka kufika mzima ni mtu mmoja. Anapopanda huonyesha haja ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee mliyompa njia ya kuionyesha.

Wengine watasema kazi hii ni ya polisi wa trafiki na NTSA. Tumeijaribu njia hiyo, na haikukosa matunda. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, waziri akiwa John Michuki, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda katika kila kiti, mstari wa manjano na sare za wahudumu, na wasafiri waliona tofauti. Kisha ulegevu ukaingia: mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya kuunda NTSA, na tangu kanuni za mwaka 2014 gari la abiria halipewi leseni bila kuwa chini ya sacco au kampuni. Pamoja na hayo yote, nchi bado inazika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka. Askari husimama mahali pamoja, na dereva anapajua. Kidhibiti mwendo hakioni kwamba gari linafuatana na lori kwa mita tatu, wala hakijui kwamba usukani umepewa skwodi, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, aliyeamka saa tisa usiku. Abiria huviona vyote viwili. Sauti yake haiondoi kazi ya serikali. Inajaza nafasi ambayo serikali haiwezi kuwamo, ile iliyo kati ya steji na steji.

Kwa hiyo naomba mambo manne, ambayo yote yamo mikononi mwenu. Kwanza, kila gari liwe na kibandiko mahali ambapo abiria aliyeketi anakisoma bila kugeuka, kikisema kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba sacco yenyewe inamruhusu kumwambia dereva apunguze mwendo. Neno likitoka kwenu, aliyesema haonekani mgomvi. Pili, iwe kanuni ya kazi kwamba dereva akiambiwa hupunguza bila kujibizana, na kwamba kumtukana au kumshusha abiria kwa sababu hiyo ni kosa la nidhamu sawa na kumwibia nauli. Tatu, ndani ya gari kuwe na namba ya gari na simu ya sacco inayopokelewa na mtu, na malalamiko ya kila mwezi yabandikwe steji, gari kwa gari, ili wenye magari wazuri wajulikane pia. La nne ndilo gumu, na bila hilo yale mambo matatu ya kwanza ni mapambo: rekebisheni hesabu. Mnaweza kuipunguza siku za msongamano, au kutenga sehemu ya ada ya sacco iwe zawadi ya mwezi kwa wahudumu wasiolalamikiwa. Dereva asitakiwe kuchagua kati ya kumsikia abiria na kulisha watoto wake. Kwa NTSA naomba moja tu: malalamiko hayo na majibu yake yaangaliwe leseni za sacco zinapofanywa upya.

Gharama ya vibandiko ni ndogo kuliko ya rangi na muziki mnavyoweka katika gari moja jipya, na bima yenye madai machache ni faida yenu. Hata kama pasingekuwa na faida, kuna haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kinazigusa huduma za watu binafsi sawa na za serikali. Nauli hainunui kiti peke yake. Inanunua pia kufika, na anayelipia jambo ana sauti juu yake.

Nalisema hili bila kumdharau dereva. Yeye pia ana mwili ndani ya gari hilo, na huketi mbele zaidi ya wote. Mpango wa sasa unamwacha peke yake na presha ya hesabu, foleni na simu za mwenye gari, huku watu nyuma yake wakimhukumu kimoyomoyo na kumwombea dua wasiyoitoa mdomoni. Ule mguu unaokanyaga sakafu nyuma yake unajaribu kumsaidia. Umekosa tu waya wa kuufikisha kwenye breki, na waya huo mnaweza kuufunga ninyi.

Wenu katika safari,

Abiria, Mwiki